Majaji wa mashindano ya kolaji za mashabiki, mnatathmini picha au mnampigia kura mhusika?

Wakuu, huu uzi ni wa hasira na sitaupunguza makali. Nimechoka na namna maoni yanavyotolewa kwenye haya mashindano ya kolaji za mashabiki, yaani picha tunazounda kwa kukata wahusika wa hadithi tunazozipenda na kuwabandika kwenye mandhari mpya, kwa kompyuta au kwa mkasi na karatasi, na nimechoka vilevile na namna yanavyopokelewa. Sifa zote zinakwenda kwa mhusika, lawama zote zinamwangukia aliyetengeneza, na picha yenyewe haina anayeizungumzia.

Nenda kasome maoni chini ya kazi yoyote iliyoshika nafasi ya kwanza. "Jamani nampenda huyu!" "Huyu ndiye bora kuliko wote msimu wa pili." "Alivyokufa nililia." Hayo ni maoni juu ya hadithi. Mtu amekesha anakata nywele za huyo mhusika unywele kwa unywele, amehangaika kuoanisha rangi za vipande vilivyotoka kwenye mwanga tofauti kabisa, na hakuna hata mmoja aliyegusia kazi ya mikono yake. Halafu shuka kwenye kazi zilizoshika mkia. Huko ndiko mtengenezaji anakumbukwa: "hujui", "umekurupuka", "rudi ukajifunze". Ajifunze nini? Hakuna anayemwambia.

Majaji nao ni walewale. Shindano la mwisho nililoshiriki, kila mtu alipewa alama na sentensi moja. Mimi niliandikiwa: "Nzuri, ila kuna kitu kinakosekana." Kitu gani? Kiko upande gani wa picha? Nikauliza kwa adabu, maana nilitaka kweli kujua, nikajibiwa kwamba uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Nani aliupinga uamuzi? Aliyeshinda alistahili na nilimpongeza. Nilichoomba ni kuonyeshwa kilichoonekana, na nikafungiwa mlango kana kwamba nimekuja kudai zawadi.

Kinachoniuma ni kwamba kolaji ni sanaa inayozungumzika. Kasoro zake nyingi unaweza kuziwekea kidole. Chukua mwanga. Mhusika amekatwa kutoka kwenye tukio la usiku, uso una ubluu, taa inampiga kutoka kushoto. Anabandikwa kwenye uwanda wa jua kali ambako vivuli vyote vya miti vinaangukia kushoto, yaani jua liko kulia. Kila anayetazama anahisi kuna uongo, ila wengi wanaishia kuandika "haijakaa vizuri". Maoni yenye faida yangekuwa hivi: jua lako liko kulia na uso unang'aa kushoto, mgeuze mhusika aangalie upande wa pili, punguza ubluu kwenye ngozi, kisha mwekee kivuli miguuni. Na kivuli chenyewe kina tabia zake. Pale kiatu kinapogusa ardhi kinakuwa cheusi chenye ukingo mkali, na kadiri kinavyokwenda mbali kinalainika na kufifia. Mtu akiambiwa hivyo, kazi inayofuata inabadilika. Akiambiwa "haijakaa vizuri" anabaki kujiuliza kama tatizo ni yeye.

Au ule ukungu wa uso ambao kila mtu anauita "ubora mdogo" na kupita zake. Picha ya skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 1080 tu kwenda juu. Mhusika aliyechukua robo ya kimo cha fremu ana pikseli 270 hivi. Ukimvuta afike 1500 ili atawale mbele ya picha, programu inalazimika kubuni pikseli ambazo hazikuwepo, na hapo ndipo uso unakuwa ukungu huku majani nyuma yake yakihesabika moja moja. Mwambie mwenzako atafute tukio ambalo kamera ilimsogelea mhusika, au amrudishe nyuma kwenye mandhari awe mdogo. Ni sentensi mbili hizo. Kuandika "ubora mdogo" na emoji tatu za kulia hakukupunguzii muda kiasi hicho.

Ule utepe mweupe unaozunguka nywele nao unatajwa kwa kejeli tu, wakati ni mabaki ya mandhari ya zamani na dawa yake inajulikana: rudisha mpaka wa uteuzi, ule mstari unaozunguka sehemu uliyoichagua kukata, ndani kwa pikseli moja au mbili, na tumia maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya picha bila kuifuta) badala ya kifutio, kwa sababu kilichofichwa na maski kinarudi na kilichofutwa na kuhifadhiwa hakirudi. Upeo wa macho, pale ardhi inapoonekana kukutana na mbingu, ndiyo kabisa hausemwi. Wahusika wawili wa kimo kimoja wakisimama kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo unatakiwa uwakate mahali pamoja mwilini. Ukipita kifuani kwa aliye karibu, upite kifuani kwa aliye mbali pia. Nimeona kazi zikisifiwa "kali sana" wakati mmoja wa wahusika anaelea hewani, na mwenye kazi ataendelea kuelea na wahusika wake hivyo hivyo kwa sababu mashabiki waliamua kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wanaokata karatasi kwa mkasi ndio wanaonewa zaidi. Kazi yao inahukumiwa kupitia picha ya simu iliyopigwa upande, ina mng'ao wa taa katikati, halafu jaji anaandika "rangi zimepauka". Umeiona karatasi yenyewe? Omba picha nyingine iliyopigwa kwenye mwanga wa dirishani, ndipo uongelee rangi. Wangeambiwa vitu vinavyohusu karatasi: kwamba gundi yenye maji mengi inavimbisha karatasi nyembamba na kuacha mikunjo, kwamba ipakwe kidogo na kazi ilaliwe na kitu kizito hadi ikauke, kwamba karatasi ya gazeti inageuka njano ikikaa kwenye mwanga kwa sababu ya lignini, kemikali ya asili ya mti, iliyobaki ndani yake. Hakuna jaji niliyemwona akiandika hata kimoja cha hivyo.

Sasa kuna kundi jingine, la wanaojua ufundi lakini wanautumia kama rungu. Wanaona kichwa kikubwa juu ya kiwiliwili kidogo, wanaandika "vipimo vimekosewa" na kukata alama. Umemuuliza alikuwa anataka nini? Si kila kolaji inataka kuficha mshono. Msanii Hannah Höch, kule Berlin baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikata picha za magazeti na majarida akapachika vichwa vikubwa kwenye miili isiyolingana navyo kwa makusudi, na nguvu ya kazi zake imo humo. Picasso mwaka 1912 alibandika kwenye mchoro wake kitambaa kilichochapwa mfano wa msuko wa kiti, akauzungushia mchoro kamba halisi mahali pa fremu. Majaji wetu wangeikata alama kamba ile. Na wale mnaopita mkisema kolaji si sanaa, ni kukatakata tu picha za watu, mna zaidi ya miaka 100 ya kwenda kutazama kabla hamjarudi kuandika tena.

Kwa hiyo dhamira kwanza, kasoro baadaye. Kama mtu anataka tuamini kwamba mhusika alisimama kweli kwenye uwanda ule, basi mwanga na upeo vinamhukumu. Kama anataka tuone mkasi ulipopita, mwulize kama mkato wake umeamua au umesitasita. Ni vipimo tofauti kabisa, na shindano linalovichanganya linawaonea wote.

Nyie mnaopokea maoni nanyi msijifiche, hasira hii inawahusu. Kwenye shindano hilohilo kulikuwa na mshiriki mgeni, kazi yake ilikuwa na wazo zuri kuliko nyingi zilizoizidi kura. Aliandika "naombeni maoni ya ukweli". Nikamwandikia kwa upole: nikaanza na alichokipatia, ule mpangilio wake wa vipande unaolipeleka jicho moja kwa moja kwenye mkono wa mhusika, kisha nikamwonyesha kwamba mkono wenyewe una mwanga unaopingana na uso. Basi. Kabla yeye hajajibu, marafiki zake walishanivamia. Wivu. Roho mbaya. "Tuonyeshe na zako." Mwenyewe akafuta swali lake. Mnajua matokeo yake? Wanaojua wananyamaza, wanabaki wa "kali sana", na mgeni anatuma kazi ileile yenye mkono uleule kwenye shindano linalofuata.

Halafu kuna "ni staili yangu". Ndugu, staili inaonekana picha nzima. Utepe mweupe ukiwa kwenye mkono mmoja tu na kwingine kote umekata safi, hiyo si staili, ni sehemu uliyochoka. Kubali au kataa maoni, ni haki yako, hakuna anayekulazimisha kubadilisha kitu. Ila ukiwa umeomba ukweli, muulize aliyekupa ni sehemu gani hasa anayoisema na kwa nini, kisha amua mwenyewe. Na msiombe maoni saa chache kabla ya mwisho wa kutuma, faili limeshahifadhiwa kama JPEG na leya zote, yaani matabaka yanayobeba kila kipande peke yake, zimeungana. Hapo mnaomba kusifiwa. Ombeni wakati leya bado zimetengana na kivuli bado kinaweza kuhamishwa.

Jambo moja zaidi, tuhuma. Siku hizi mtu akikosa la kusema anaandika "umeiba" au "hii ni akili mnemba" hadharani, bila kuuliza, na kura zinaporomoka papo hapo. Kutuhumu si kutoa maoni. Ukishuku, mwombe faraghani vyanzo vyake na faili lenye leya. Mtu aliyekata kwa mkono wake atakuonyesha kila kipande kilipotoka. Na wapo wanaotumia michoro ya mashabiki wengine bila ruhusa, hilo silitetei, ni dhuluma kwa mtu kama wewe ambaye naye alikesha. Hata picha za bure zina masharti: leseni ya Creative Commons, ile ya kuruhusu watu watumie kazi yako bure kwa masharti, ikiwa na herufi ND (NoDerivatives) hairuhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa, kwa hiyo kuikata na kuiingiza kwenye kolaji ya shindano ni kuvunja masharti hata ukimtaja mpigapicha kwa herufi kubwa. Haya waandaaji wanatakiwa wayaandike kwenye kanuni mapema. Hawaandiki, wanasubiri mtu azomewe.

Ninachodai hakihitaji fedha wala mtaalamu. Majina ya washiriki yafichwe hadi kura zihesabiwe, ili marafiki waipigie kura picha, si mtu. Kura ya mashabiki itenganishwe na alama za majaji, maana mhusika maarufu atashinda kura hata akibandikwa kichwa chini. Kila kazi iambatane na sentensi mbili za mtengenezaji akisema alitaka nini. Na jaji anayekubali kazi ya ujaji aandike kwa kila mshiriki angalau sentensi tatu zinazotaja mahali kwenye picha: kona ipi, ukingo upi, kivuli kipi. Washiriki wakiwa wengi mno kwake, aongezewe majaji au kazi zipunguzwe. Atakayesema hana muda wa sentensi tatu, mwenzake amekaa wiki nzima na mkasi.

Shindano lijalo likitangazwa nitauliza hadharani, kabla sijatuma chochote, majaji wataandika nini na wataandika lini. Nisipojibiwa situmi, na nawaomba mliochoka kama mimi muulize swali hilohilo siku hiyohiyo. Waandaaji mnaosoma hapa, jibuni humu humu, msinifuate faraghani.