Tupeane uzoefu: basari ya kaunti ilikufikia vipi, na ilifika lini?

Mama Mboga wa Pwani
Habari zenu wadau. Msimu wa fomu za basari, ule msaada wa karo wa kaunti zetu hapa Kenya, umefika tena na nimeona badala ya kila mtu kulalamika kivyake huko wadini, tukusanye hapa yaliyotupata. Aliyepata aseme alipata ngapi na ilifika lini, aliyekosa aseme aliambiwa nini. Majina ya shule na ya kaunti zenu si lazima.

Naanza mimi. Nauza mboga na ndizi sokoni. Kila asubuhi kijana wa kaunti anapita na kitabu chake cha risiti, unalipa anakuchania kikaratasi, hujauza hata fungu moja la mchicha ushalipa. Leseni ya biashara nayo iko kila mwaka. Silalamikii ushuru, nayataja haya kwa sababu siku ya kugawa cheki tunakalishwa chini ya hema tangu asubuhi tunaambiwa tumshukuru mheshimiwa kwa moyo wake, na mimi nashukuru manake nimelelewa hivyo, lakini hizo pesa ni zetu. Kidogo kimetoka kwenye hizo risiti za sokoni na parking na rates za ardhi, na kingi kimetoka kwenye kodi ya nchi nzima, Katiba imesema kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa hiyo hata anayenunua sukari dukani ameisomesha hiyo form one.

Mwanangu wa kwanza aliitwa shule ya bweni, karo 40,535 kwa mwaka. Muhula wa kwanza wanataka nusu nzima, wa pili asilimia 30, wa tatu 20, kwa hiyo mzigo wote uko Januari. Fomu nilijaza mapema, chifu akapiga muhuri, imamu akasaini, mwalimu mkuu akasaini, fotokopi za kitambulisho na cheti cha kuzaliwa nikaambatisha. Basari ikaja muhula wa tatu, elfu tano. Kabla ya hapo mtoto alikuwa akitumwa karo anarudi nyumbani na sanduku, anakaa wiki, mimi nakopa kwenye chama cha kuweka akiba, anarudi, wenzake washasonga mbele. Ilipofika ile elfu tano iliingia kwenye deni moja kwa moja. Ingekuja Januari ingemuweka darasani.

Karibuni.

Bosari Mstaafu
Mama umesema kweli tupu, na ngoja nikueleze upande wa ofisini kwa sababu nimekaa dirisha hilo la karo miaka mingi.

Mwaka wa kaunti wa fedha unaanza Julai, wa shule unaanza Januari. Pesa za kutoka Nairobi zenyewe huchelewa, kamati ikae, majina yaende hazina ya kaunti, Msimamizi wa Bajeti aidhinishe zitoke, hapo ushafika muhula wa pili kama si wa tatu. Halafu cheki haiji moja moja, inakuja cheki moja ya shule nzima na karatasi ya majina imebanwa nyuma. Sasa hapo ndo kuna kazi. Jina la mtoto kwenye fomu ni la babake, kwenye rejista yetu ni la babu. Namba ya usajili imeachwa wazi. Mwingine alihama tangu mwaka jana. Mwingine ni jina la kawaida sana na shuleni wako watatu, na wote watatu wazazi wao walijaza fomu. Ukiirudisha cheki irekebishwe watu wote waliomo ndani wanasubiri, na cheki ikipita miezi sita benki haiikubali tena.

Nawaomba wazazi, hiyo sehemu ya namba ya usajili msiiache kamwe. Na mkishaambiwa cheki imetoka nendeni shule mkaombe risiti yenye jina la mtoto. Ni haki yako hiyo risiti, karo imelipwa hata kama hukulipa wewe kwa mkono wako.

Fundi Umeme
Mimi nitatofautiana na wengi. Elfu sita ya wadi ndo ilinifanya nimalize chuo cha ufundi, manake huko karo si kubwa kama sekondari, elfu sita unaisikia. Saa hii nafunga nyaya majumbani nalipa kodi zangu. Ila wenzangu wengi hawakujua hata kama fomu ni za vyuo vya ufundi pia, walidhani ni za sekondari na university tu.

Mwanakamati
Salamu. Nilikuwa kwenye kamati ya wadi ya basari kwa kipindi kimoja, nitasema kile watu hawakioni.

Chukueni mfano wa Kilifi ambao unajulikana, walikuwa wakitenga milioni 350 kwa mwaka, wadi ziko 35, milioni kumi kila wadi. Milioni kumi ukiisikia ni pesa nyingi. Ukisema ulipie bweni karo yote ya 40,535 ni wanafunzi 246 basi, pesa imekwisha. Ukisema kila mtu elfu tano ni wanafunzi elfu mbili. Sasa uko ndani ya chumba, nje wamejaa wazazi, unawajua wote kwa majina, na mwakilishi wa wadi anataka kura. Kamati yoyote itachagua elfu tano kwa elfu mbili. Na sisi ndivyo tulivyofanya kila mara.

Kuna kikao kimoja tulikuwa na fomu ya msichana yatima kabisa, vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili vimeambatishwa, anaishi na nyanya yake, na chini yake kwenye rundo kuna fomu ya mtoto wa mtu mwenye gari mbili za matatu. Wote wakapata sawa. Nilibisha nikaambiwa tusilete ubaguzi, kila mkazi ana haki. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: bora wachache walipiwe mpaka form four na orodha ibandikwe ukutani pale ofisi ya wadi na sababu ya kila mmoja, kuliko kunyunyizia wote na nusu yao wanaacha shule hata hivyo.

Dada wa Kwale
Ndugu Mwanakamati, huku kwetu tangu enzi za gavana Mvurya waliopasi vizuri KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, wakaitwa shule za kitaifa walikuwa wanalipiwa karo yote na kaunti. Mdogo wangu ni mmoja wao, hakutumwa nyumbani hata siku moja, na nyumba yetu hakuna aliyekuwa amewahi kufika shule ya kitaifa. Kwa hiyo ya kulipia kamili inawezekana. Swali langu mimi ni kwa yule aliyepata alama za wastani na kwao hakuna kitu kabisa, huyo ataingilia mlango gani?

Mwanakamati
Dada hilo ndo swali lenyewe. Mimi ningeanza na umaskini kwanza, alama baadaye.

Wa Mwaka wa Pili
Mimi yangu ni ya 2025. Niko chuo kikuu, mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, haukutosha nikawa nategemea ya kaunti kufunga hiyo pengo. Januari hiyo Msimamizi wa Bajeti, mama Nyakang'o, akatoa waraka kwamba kaunti zisitoe pesa ya basari mpaka ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu. Sababu yake ni Katiba, jedwali la nne limezipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali kuu, na kama mmoja anamfanyia mwenzake kazi basi waandikiane. Magavana wakapinga, mambo yakafika kortini, na sisi tuko katikati hapo hatujui tufanye mtihani au la.

Kisheria naona alikuwa na hoja, sitamlaumu. Lakini hizo sheria zilikuweko tangu 2010 na basari zimetolewa tangu kaunti zianze 2013, wakubwa walikuwa na muda wote huo wa kuandikiana. Nilihairisha semista. Rafiki yangu hakurudi mpaka leo, yuko kwenye bodaboda.

Mwalimu wa Chekechea
Niongeze moja ambayo sijui kama mtaipenda. Hiyo kazi ambayo Katiba imewapa kaunti ni yangu mimi. Watoto wangu wa miaka minne wanakaa kwenye mikeka, choo tunatumia cha shule ya msingi na ni kirefu kwao, mshahara wa kandarasi unakuja ukitaka. Kila mwaka kwenye bajeti basari inaongezwa kwa sababu cheki inapigwa picha. Mimi pia nina kijana sekondari na fomu nimejaza, siwezi kusema ziondolewe. Nasema tu wapime kati ya hizo mbili.

Mama Mboga wa Pwani
Mwalimu hilo nimelipokea, na wala sikuwahi kulifikiria hivyo.

Wadau kwa vile mmeuliza inbox tufanye nini, haya ndo niliyoyapata kwa kusumbua watu wa bunge la kaunti. Kusubiri siku ya cheki ni kuchelewa. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi inapelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, hapo ndo wanaamua mafungu makubwa. Makadirio ya bajeti yanapelekwa kufikia 30 Aprili, halafu mpaka 30 Juni yawe yamepitishwa. Katikati hapo kuna vikao vya wananchi kutoa maoni na sheria inawalazimisha waviitishe. Mimi nilienda kimoja, tulikuwa wachache sana na wengi ni wazee, wazazi wa sekondari hakuna, na ajenda ya basari ikapita bila mtu kuuliza kwa nini isilipwe Desemba.

Sisi wa soko tumekubaliana cha mwaka huu tuende na vitu viwili tu. Basari ilipwe kabla shule hazijafunguliwa Januari, na orodha ibandikwe. Kwenu ikiwa mshafanikiwa kupata hata kimoja kati ya hivyo andikeni hapa mlipitia wapi, na barua kama iko mtu aiweke tuinakili.