Kwa nini walinzi wa mpira wa Kimarekani wa vyuo wanatoka na kuingia kila dakika?

Msafiri_wa_Tabora

Wakuu, habari za wikiendi.

Naishi huku Georgia, mwaka wa pili sasa. Kazini kwetu ikifika Jumamosi hakuna habari nyingine zaidi ya timu ya chuo kikuu, ile ya Athens yenye jezi nyekundu, na nimeamua kuusoma mchezo wenyewe badala ya kukaa kama mgeni sebuleni. Misingi nimeshaishika: majaribio manne ya kupata yadi 10, ukishindwa unautoa mpira. Washambuliaji nawaelewa. Walinzi ndio wananipoteza.

Juzi nimekaa na daftari kabisa. Jaribio la kwanza, jamaa mmoja mnene wa katikati kawasukuma watu wawili mpaka wakamwangukia kwotabeki wao, yule mrushaji wa mpira. Nikasema huyu leo hashikiki. Jaribio la tatu namtafuta simwoni. Yuko benchi anakunywa maji, na wenzake watatu nao wametoka. Sisi kwetu beki akiwa moto namna ile nani anamtoa?

Jambo la pili, walinzi sita wanajipanga mbele kama wanaotaka kuvamia wote, halafu mpira ukiachiwa wawili wanarudi nyuma. Wameogopa, au ndiyo maelekezo? Mwenye uelewa anifafanulie tafadhali.

Kipanga255

Mkuu, kule sabu hazina kikomo. Mtu anatoka na kurudi hata mara 30, ilimradi wasizidi 11 uwanjani. Usiwaze sabu tano za huku kwetu. Jamaa wa kilo 140 hawezi kusukumana mechi nzima, lazima apumzishwe. Ni pumzi tu, basi.

BabaJuma_Decatur

Msafiri ndugu yangu, karibu. Kipanga amesema kweli, ila ni nusu ya kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo utamu wenyewe.

Mwanangu wa pili alicheza katikati ya mstari wa mbele tangu ana miaka 15, shule ya sekondari ya hapa hapa Georgia. Misimu minne, kila Ijumaa jioni, nilikuwa juu ya jukwaa namshikia kocha kamera, na daftari nahesabu mipira aliyocheza kijana (mpira mmoja ni tangu unapoachiwa mpaka filimbi). Mechi moja ya Agosti, joto bado limesimama hata jua likishazama, alicheza mipira 58 mfululizo kwa sababu kocha hakuwa na mwingine wa kumwamini. Robo ya kwanza alikuwa anaingia chini, mgongo umenyooka, mikono imetangulia. Robo ya nne alikuwa anasimama wima. Mtu wa mstari wa mbele akisimama wima amekwisha, hata awe na kilo ngapi, maana anayemjia chini ya kwapa anamng'oa kama mhogo kwenye mchanga. Hakuwa mvivu mwanangu. Mapaja yalikwisha. Niliumia usiku ule, na ndipo nilipoanza kuangalia wakubwa wanafanyaje.

Msimu uliofuata ulikuwa 2021, na Georgia walikuwa na Jordan Davis, namba 99. Urefu karibu mita 2, uzito karibu kilo 155, na kwenye majaribio ya kuingia ligi ya kulipwa mwaka 2022 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78. Alipewa tuzo ya Bednarik, ya mlinzi bora wa vyuo vyote Marekani. Mtu huyo hakuwa anacheza hata nusu ya mipira ya timu yake! Nilidhani ameumia. Hakuwa ameumia. Alikuwa na kazi yake.

Jaribio la kwanza na yadi 10, mpinzani anaweza kukimbia na mpira au kuurusha. Hapo unamtaka Davis mbele ya senta, yule anayeuachia mpira, na wazito wawili wamesimama kwa ndani, wameziba mianya ya katikati. Kwa jinsi wanavyojipanga, watatu wanabeba mzigo wa kuzuia mbio, na lainibeka, yaani walinzi wa mstari wa pili nyuma yao, wanabaki huru. Mpinzani anapata yadi 2. Jaribio la pili yadi 1. Sasa ni jaribio la tatu na yadi 7, uwanja mzima unajua mpira utarushwa. Kuziba mianya kuna faida gani tena? Unataka wenye miguu ya kumfikia kwotabeki, na mtu wa ziada wa kukaba nyuma. Mzito anatoka, Travon Walker anasogea ndani, Nolan Smith anakimbilia kwotabeki kutoka nje, na nyuma wanakuwa watano au sita badala ya wanne. Yule mnene wako, Msafiri, alitoka kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha, na aliifanya vizuri. Yeye ndiye aliyewapeleka kwenye hizo yadi 7.

Sasa hao sita wanaojipanga mbele. Haya ni maelekezo, tena ya makusudi sana. Kwotabeki ana wazuiaji watano mbele yake, na mkimbiaji mmoja pembeni. Kabla ya mpira kuachiwa wanagawana: wewe huyu, mimi yule. Ukiwaonyesha sita, wanagawana kwa sita. Kisha wanavamia wanne tu, ila siyo wanne waliodhaniwa. Wa kulia wawili wanarudi kukaba, na kutoka kushoto anakuja lainibeka, mmoja wa wale sita, ambaye walidhani ndiye atakayerudi. Upande wa kulia wazuiaji wawili wamesimama hawana wa kumzuia, upande wa kushoto mmoja amejiwa na wawili. Na wewe nyuma bado una watu saba wanakaba, hujapoteza kitu. Nakobe Dean, lainibeka wa Georgia, alikuwa hodari wa jambo hili kupita kiasi. Mwaka huo Georgia waliruhusu wastani wa pointi 10 hivi kwa mechi. Ile ya kwanza na Clemson kule Charlotte ilikwisha 10 kwa 3, na Clemson walipata yadi 2 tu za kukimbia mechi nzima.

Yadi 2, usiku mzima. Nairudia kwa sababu nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani gazeti limekosea.

Msafiri_wa_Tabora

Baba Juma ubarikiwe sana. Nimesoma mara tatu. Swali: mpinzani akiharakisha, akacheza bila kusubiri, hao wa kuingia na kutoka si watakamatwa katikati ya njia?

BabaJuma_Decatur

Umeuliza swali la kocha hilo.

Sheria inasema timu yenye mpira ikibadilisha watu, mwamuzi anasimama juu ya mpira, anauzuia mpaka walinzi nao wapate nafasi ya kubadilisha. Lakini timu yenye mpira isipobadilisha mtu, hakuna wa kukusubiri. Wakiharakisha na watu wale wale, wazito wako wamenaswa uwanjani, na ukijaribu kuwatoa mpira unaachiwa mko 12, adhabu yadi 5. Ndiyo maana timu nyingi za vyuo zinaharakisha: zinataka kumnasa yule wa kilo 155 uwanjani akimkimbiza mpokeaji mwepesi.

Kwa hiyo mlinzi wa tano wa nyuma, ambaye makocha waliofundwa na Nick Saban, aliyekuwa kocha wa chuo cha Alabama, wanamwita Star, siku hizi haingii kwa zamu. Anaanza mechi. Anatakiwa awe mwepesi wa kukaba mpokeaji na bado awe na kifua cha kuzuia mkimbiaji. Ukiwa na mtu wa namna hiyo huhitaji kubadilisha watu ili ubadilishe mfumo. Watu 11 wale wale wanaweza kukaba kwa zoni mpira huu, ujao mtu kwa mtu, na ule wa tatu zoni inayogeuka mtu kwa mtu pale mpokeaji anapoingia eneo lako. Kirby Smart, kocha wa Georgia, alikaa na Saban Alabama tangu 2007 mpaka 2015, somo hilo amelila na kulishiba.

Na kuna jambo la vyuo peke yake ambalo watangazaji hawalielezi vya kutosha. Ile mistari midogo ya ndani ambako mpira unawekwa, vyuoni iko umbali wa mita 12 kutoka mmoja hadi mwingine. Ligi ya kulipwa ni chini ya mita 6. Basi mpira wa chuo ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande mmoja una mita 18 na mwingine una mita 30. Ni kama viwanja viwili tofauti! Walinzi wanajifunza mfumo kwa upande mpana na upande mwembamba, mara nyingi kila upande na sheria zake. Ukimwona sefti mmoja, mlinzi wa nyuma kabisa, anapiga kelele na kuonyesha vidole kabla ya mpira, mara nyingi anawapanga upande mpana.

Tangu 2024 mlinzi mmoja anaruhusiwa kuwa na redio ndani ya kofia, ana doti ya kijani nyuma. Inakatika saa ya kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15, au mpira ukiachiwa kabla ya hapo. Zamani yote yalikuwa ishara za mikono na mabango kutoka pembeni. Lakini redio inampata mmoja tu. Wengine kumi wanamtegemea mdomo wake, na akitoka yeye, doti anakuwa nayo aliyeingia.

Nyota_ya_Eldy

Salamu kutoka Eldoret. Hapo kwa mfumo niko na wewe, mzee wangu, lakini tusisahau vipaji. Walinzi watano wa Georgia walichukuliwa na ligi ya kulipwa raundi ya kwanza ya uteuzi wa 2022, Travon Walker akiwa namba 1 kabisa. Timu kama hiyo hata ukiipanga vibaya itakaba. Chuo kidogo kitatoa wapi wazito sita wa kuzungusha?

BabaJuma_Decatur

Nyota, hoja yako ni ya haki na sitaipinga yote. Vipaji vilikuwepo. Lakini angalia Desemba 4, 2021. Wachezaji hao hao walikutana na Alabama, wakafungwa 41 kwa 24. Bryce Young, kwotabeki wa Alabama, akarusha yadi 421, na hawakumwangusha hata mara moja. Wiki tano baadaye, Januari 10 kule Indianapolis, wakashinda 33 kwa 18, Young akaangushwa mara nne na kunyang'anywa mpira mara mbili. Ule wa mwisho Kelee Ringo wa Georgia alikimbia nao yadi 79 mpaka kwenye endizoni, eneo la kufungia. Ni kweli Alabama walikuwa wamempoteza mpokeaji wao Metchie, na mpokeaji mwingine, Jameson Williams, akaumia goti robo ya pili, hilo lazima lisemwe. Hata hivyo nilichokiona mimi ni kwamba safari hii presha ilikuwa inatoka kila upande, siyo kwa wanne wa kawaida tu.

Tena mchukue Channing Tindall, lainibeka wa Georgia. Hakuwa hata mlinzi wa kuanza. Alipokezana na Dean na Quay Walker kwenye nafasi mbili, wote watatu wakachukuliwa na ligi mwaka mmoja. Hakuna aliyepungukiwa kwa kukaa benchi kidogo.

Kuhusu chuo kidogo, mwanangu alikwenda kimoja, hakina uwanja wa kutajwa. Wazito walikuwa wanne kwa nafasi mbili, wakawa wanapokezana kila mipira minne au mitano, bila kujali nani ni bora. Kwenye daftari langu, mechi nyingi hakuvuka mipira 35. Na robo ya nne alikuwa bado anaingia chini. Mimi baba yake nilikuwa naangalia mgongo wake tu.

Msafiri_wa_Tabora

Nimerudi. Jana nimeangalia kwa maelezo yako, niliacha mpira nikawaangalia walinzi tu. Nimeuona ule wa sita kuwa wanne, mara mbili! Ila wale wa pembeni kabisa, wanaokaba wapokeaji, hawatoki. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni wale wale. Wao hawachoki?

BabaJuma_Decatur

Hongera, umeshaanza kuona.

Wanachoka, ila uchovu wao ni wa mbio, na mbio unazipata pumzi zake ndani ya sekunde 40 za kusubiri mpira unaofuata. Wa mbele anagongana na kilo 140 kila mpira, hata ule ambao haumhusu. Halafu wa nyuma wanashikana kwa maneno. Konabeki, yule wa pembeni, na sefti wake wamezoeana, mmoja akimwachia mpokeaji mwingine anajua pa kumchukulia. Ukiingiza mgeni hapo mpira mmoja, akachelewa nusu hatua, ni tachidauni, bao kabisa. Mbele mgeni akikosea, mpinzani anapata yadi 6 na unamtoa.

Jumamosi ijayo mwangalie sefti wa upande mpana kabla tu ya mpira kuachiwa, anaelekea mbele au nyuma. Andika kwenye daftari, kisha niambie mara ngapi alikudanganya.