Naomba ushauri: jina Dhulkifli kwa mtoto wa kiume

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mke wangu anakaribia kujifungua, na baba mkwe ameomba mtoto akiwa wa kiume aitwe Dhulkifli. Huku kwetu ni nadra kulisikia, ila Malaysia na Indonesia wapo wengi, wao huandika Zulkifli. Limetajwa mara mbili katika Qur'ani, Surat Al-Anbiyaa aya ya 85 na Surat Swaad aya ya 48, zote pamoja na Ismail. Wafasiri wamekhitalifiana: alikuwa nabii au mja mwema tu? Na "kifl" ni fungu, au ni dhamana aliyoibeba akaitimiza? Hiyo ya dhamana imenigusa sana. Mliosoma kwa masheikh, ipi ina nguvu? Na kwenye cheti cha kuzaliwa niandike Dh au Z?