Mama ana miaka 74, magoti hayataki kukaa chini: yoga ya kwenye kiti itamfaa?

Binti_wa_Ngamiani

Habari zenu wadau. Mama yangu ana miaka 74, naishi naye hapa Tanga. Magoti yamechoka, presha anayo na dawa anameza kila siku, na tangu mwaka jana anaswali akiwa kwenye kiti. Mdogo wangu aliyeko Muscat kamtumia video za yoga ya kwenye kiti. Mama kazipenda, ila yule mwalimu wa kwenye video anakwenda mbio, na kiti chake ni kizito, kimetulia. Sisi tuna kile cheupe cha plastiki na sakafu ya vigae. Juzi mama anainuka, kiti kikarudi nyuma. Bahati nilikuwa karibu nikamdaka.

Halafu mama mdogo naye kaja juu, anasema yoga ni ibada ya watu, mama asijiingize. Sasa bi mkubwa kasita. Aliyewahi kumfanyisha mzee nyumbani anisaidie: kiti gani, aanzie wapi, na nini asiguse. Nawasilisha.

Mstaafu_wa_Chaki

Binti, umeuliza pazuri. Mimi nina miaka 71, nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu, niko Mwanza. Mazoezi haya nayafanya mwenyewe pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye hapendi kuambiwa la kufanya na mtu yeyote, sembuse video.

Hicho cha plastiki kitoe kabisa. Miguu yake inajipanua ukikalia pembeni, na kwenye vigae kinateleza kama sabuni. Chukua kiti cha mbao cha mezani, kisicho na magurudumu, mgongo wake uegemee ukuta. Mama avue soksi na ndala. Ama pekupeku, ama raba zilizobana kisigino. Akikaa, nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yasipande juu kuliko nyonga. Kiti kikiwa kifupi, kunja blanketi gumu uliweke chini yake. Mto wa kochi usiweke, unadidimia na mtu anayumba.

Aanze na vidole vya miguu. Visigino chini, vidole juu. Kisha vidole chini, visigino juu. Ni kazi ndogo, lakini inasukuma damu kutoka miguuni, na mzee wa presha anaihitaji kabla ya kusimama. Kisha viganja juu ya mapaja: akivuta pumzi, kifua mbele, mgongo unyooke, akiitoa, mgongo ujikunje kidogo, kidevu kishuke. Kisha anyooshe goti moja mpaka mguu uwe sambamba na sakafu, ahesabu tano, ashushe polepole, abadili. Hapo ndipo goti linaponufaika, kwa sababu msuli wa mbele ya paja ukiwa na nguvu, goti linabebewa mzigo. Akichoka kabla ya kufika tano, aishie tatu.

Sasa lililo kubwa kuliko yote, ambalo video nyingi zinalipitia haraka ili zifike kwenye mikao ya kupendeza: kuinuka kwenye kiti. Dada yangu alikuwa anajirusha. Anajitupa mbele, anashika meza, anainuka huku amebana pumzi na uso umemwiva. Kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Mfundishe mama asogee ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu kwa visigino. Na ahesabu kwa sauti anapopanda. Anayesema hawezi kubana pumzi. Mimi huimba jedwali la saba, wajukuu wananicheka, niwaache wacheke, wao lenyewe hawalijui.

Mwanzoni aweke mikono kwenye mapaja kujisukuma, na wewe simama ubavuni, usimvute mkono. Kukaa pia ni zoezi: ashuke taratibu, asijibwage.

Wapo wanaopima kwa sekunde 30: mikono imekunjwa kifuani, unasimama na kukaa mara ngapi. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya mara 10, huhesabiwa kuwa yumo kwenye hatari ya kuanguka. Usimpime sasa hivi, mwache kwanza azoee.

Fizio_wa_Mtaa

Mwalimu kaeleza vizuri, naongeza machache kwa kuwa kazi yangu ndiyo hii. Mama akiwa ameshavunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, au ameambiwa mifupa yake imepungua uimara, asiiname mpaka mikono iguse sakafu, na asijizungushe kwa kuvuta mgongo wa kiti kwa nguvu. Mwenye presha ya macho asikae kichwa kikiwa chini. Aliyebadilishiwa nyonga afuate masharti ya daktari wake kwanza, maana wengine hukatazwa kukunja nyonga kupita pembe mraba.

Maumivu ya kuvutika kwa msuli yanayotulia baada ya muda si tatizo. Goti likivimba, au likichoma kama sindano, punguza. Kifua kikibana au pumzi ikimpaa, aache na aende hospitali mara moja.

Jambo jingine: mazoezi ya kukaa tu hayamfundishi mtu kusimama imara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, angalau siku 3 kwa wiki. Kwa hiyo akishazoea, asimame nyuma ya kiti kilichoegemea meza nzito, ashike mgongo wake kwa mikono miwili, apande na kushuka kwa visigino. Baadaye mguu mmoja, sekunde chache tu, wewe ukiwa karibu.

Mkaa_Upanga

Kuhusu mama mdogo: asili ya yoga ni India na ina upande wake wa kiroho, hilo halifichiki. Ila hapa mnachofanya ni kunyoosha mguu na kupumua. B.K.S. Iyengar wa Pune, mmoja wa walimu waliosifika sana, aliwafundisha kwa viti na kamba wanafunzi waliokuwa na maumivu, kwa hiyo kiti si mbwembwe za video. Video zenye nyimbo na maneno ya ibada ziache, zipo nyingi zisizo nayo. Akibaki na shaka, amuulize sheikh wake anayemwamini, asituulize sisi wa mtandaoni.

Binti_wa_Ngamiani

Shikamoo mwalimu, na wengine wote asanteni. Kiti cha mbao nimekiazima kwa jirani. Mama kasema jedwali la saba hataki, atahesabu kwa Kidigo. Kuinuka leo amefanya kwa kujisukuma mapajani, na mara ya mwisho ameinuka bila kunitazama. Swali la mwisho: yeye anataka afanye baada ya Alfajiri, akishameza dawa tu. Ni sawa?

Mstaafu_wa_Chaki

Marahaba binti. Kidigo hakina neno, ilimradi asikike. Alfajiri viungo bado vimekaza. Dada yangu hufanya saa nne, uji umeshatulia.

Fizio_wa_Mtaa

Naungana na mwalimu. Asubuhi mapema, dawa ikiwa imeanza kazi, wengine hupata kizunguzungu wakisimama. Kama mna mashine ya presha, mpime akiwa amekaa ametulia, kisha asimame, umpime tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mazoezi ya kusimama yasubiri. Ziandike hizo namba kwenye karatasi aende nazo kliniki. Dawa asiache wala asipunguze mwenyewe. Ya kukaa anaweza kuendelea nayo.