Naomba ushauri: laini ya volti 5 imeshuka hadi volti 2 kwenye bodi ya ATmega328P

Ndugu mafundi, habari za kazi. Nina bodi inayoendesha mashine ya kutotolea vifaranga, yenye mikrokontrola (chipu inayoongoza mashine) ya ATmega328P, ambayo imezima ghafla huku mayai yakiwa ndani, na kwa sasa joto nalisimamia mwenyewe usiku na mchana. Adapta inatoa volti 12 bila kuyumba, lakini kwenye mguu wa kutolea umeme wa regyuleta ya 7805 (inayoshusha volti 12 kuwa 5) multimita inasoma volti 2 tu badala ya 5, na regyuleta yenyewe inachemka kiasi cha kutoshikika. Nilipozima umeme na kupima ukinzani kati ya mguu wa 7 (wa kuingizia umeme) na wa 8 (wa ardhi) wa chipu nilipata ohmu 2. Nikaitoa chipu kwenye soketi, namba haikubadilika, hivyo naamini shoti iko kwingine. Laini ya volti 5 inalisha kapasita kadhaa, rilei na kihisi cha joto. Je, naweza kuitambua kapasita iliyokufa kwa kupima milivolti kwenye njia za shaba, kabla sijaanza kuzifumua moja baada ya nyingine? Shaba ya bodi hii ni nyembamba, na hubanduka upesi ikipashwa joto mara kwa mara.