Deni la kiufundi: mnaanza kulipa wapi?

Kinyonga: Wakuu, mfumo wetu una miaka saba na kila kona ni kiraka, yaani deni la kiufundi: njia za mkato za zamani kwenye msimbo (maandishi ya programu) zinazotuchelewesha leo. Bosi anataka mpango. Nipime ipi: siku moja ya usafi kila wiki, kusimamisha kazi mpya mwezi mzima, au kila mtu arekebishe anapopita?

Nukta: Ya mwezi mzima achana nayo. Sisi wiki ya pili tu wateja walianza kulalamika, tukarudishwa kwenye kazi mpya. Moduli mbili zimebaki nusu za zamani, nusu mpya, hadi leo.

SevaLala: Siku moja kwa wiki inafaa, ila muwe na orodha. Bila orodha kila mtu anasafisha anachokichukia, si kinachoumiza.

Bi Semikoloni: Hapo ndipo penyewe. Ward Cunningham, mtengeneza programu Mmarekani, alipoleta mfano wa deni mwaka 1992, riba aliyoitaja ni muda unaopotea ukihangaika na msimbo ambao haujakaa sawa. Sasa faili lisiloguswa miaka mitatu linatoza riba gani, hata likitia kinyaa? Endesha hii kwenye Git (chombo kinachotunza historia ya msimbo), itahesabu kila faili limebadilishwa mara ngapi kwa miezi sita:

`git log --since=6.months --format= --name-only | sort | uniq -c | sort -rn | head`

Kwetu faili la malipo lilitokea mara 61. La ripoti, lile tunalolicheka kila siku, mara 1. Tukaandika majaribio ya malipo (msimbo unaokagua kama faili bado linafanya kazi) kwanza, ndipo tukalivunja vipande vitatu. La ripoti lipo vilevile na halimsumbui mtu.

Nukta: Lisiloguswa nalo huuma, dada. Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa Marekani, Agosti 2012: msimbo uliokwisha kuachwa ulifufuka kwenye seva moja kati ya nane iliyorukwa wakati wa kusasisha. Dola zaidi ya milioni 400 ziliteketea kwa kama dakika 45.

Bi Semikoloni: Hiyo nakubali. Msimbo mfu ufutwe bila kusubiri foleni. Na maktaba (msimbo wa wengine mnaoutumia) na lugha zenye tarehe ya mwisho ya kuhudumiwa zipangwe kwa tarehe. Lugha ya programu Python 2 iliacha kuhudumiwa 1 Januari 2020, na mwaka huo ulijulikana tangu 2014, bado watu walishtuka.

Kinyonga: Nimeendesha. Linaloongoza ni faili la mipangilio, mara 112.

Bi Semikoloni: Liruke, mipangilio kazi yake ni kubadilika. La pili?

Kinyonga: Ankara. Mistari 4,000, majaribio sifuri, na aliyeliandika alishaacha kazi.

SevaLala: Pole mkuu. Basi siku yako ya kwanza ya usafi usibadilishe hata mstari, andika majaribio tu.