Mrejesho: Siku mbili katika mji wa kale wa Xi'an

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kama siku mbili zingenitosha kuutembelea mji wa Xi'an, hapa China, nikitokea Beijing ninakosoma, na leo natimiza ahadi ya kuleta mrejesho. Namshukuru kwa dhati aliyenisihi niiepuke wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni ya sikukuu ya taifa. Nilikwenda mwishoni mwa mwezi, baridi ikiwa ya kuvumilika na majani ya miti yakiwa yamegeuka manjano.

Siku ya kwanza yote niliitumia kwa askari wa udongo, yaani maelfu ya sanamu zilizozikwa karibu na kaburi la mfalme mkuu wa kwanza wa China, waliogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Siku ya pili niliendesha baiskeli juu ya ukuta wa mji, uliojengwa enzi ya ukoo wa kifalme wa Ming, wenye mzunguko wa karibu kilomita 14.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni Msikiti Mkuu, ambao hauna kuba: mnara wake ni jengo la pembe nane lenye paa za vigae zilizopinda kwenye ncha, na ndani ya ukumbi wa sala aya za Kurani zimechongwa kwenye mbao. Jirani yake nilikula paomo, chakula ambacho mlaji mwenyewe humega mkate mgumu vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha bakuli hurudishwa jikoni kutiwa mchuzi wa kondoo.

Makumbusho ya mkoa sikuyaona, kwa kuwa nilichelewa kuweka nafasi. Anayeyataka aongeze siku ya tatu.